Mtihani wa uuguzi wa Kanada: kabla hujauza kiwanja, soma hapa

MuuguziKatuba aliandika:

Bandugu, salamu kwenu wote. Mimi ni muuguzi A1, yaani mwenye diploma ya juu, mwaka wa 14 sasa katika sale (wodi) ya upasuaji hapa Lubumbashi. Uzi ni mrefu, mnivumilie, maana jambo hili limeninyima usingizi tangu Jumapili.

Jumapili mchana kijana wa jirani yetu alikuja nyumbani na bahasha ya kaki. Amemaliza L2 ya uuguzi, yaani ngazi ya shahada, mwaka jana, kazi hajapata, anasaidia kwenye dispansere moja kwa pesa ya usafiri tu. Akaniwekea bahasha mezani. Ndani mlikuwa karatasi za kiwanja cha baba yake, upande wa barabara ya Kasumbalesa. Kuna komisyonere, dalali, amemwambia alete dola 3,000, atampa maswali ya NCLEX pamoja na majibu yake, kisha Kanada itamwita. Mzee ameshakubali kuuza. Kijana alikuja kuniomba nimtafutie mnunuzi.

Sikumtafutia. Tuliketi mpaka giza likaingia, nikamweleza ninayoyajua, na leo nayaweka hapa kwa sababu bahasha za namna ile ziko nyingi mjini.

Huo mtihani wa leseni ya uuguzi unaitwa NCLEX-RN. Unatungwa na NCSBN, baraza la Marekani lenye makao yake Chicago. Wakanada walikuwa na wao, CRNE, waliouzoea. Januari 2015 mikoa ya Kanada iliuacha ikachukua huu wa Marekani, Quebec peke yake ikabaki na mtihani wake. Mwaka 2024 Quebec nayo ikaingia. Kwa hiyo wewe uliyesoma kwa Kifaransa ukifikiri utapita mlango wa Quebec ili uukwepe, mlango huo umefungwa.

Sasa haya maswali na majibu ya komisyonere. Kwenye NCLEX kompyuta ndiyo inayokuchagulia swali. Ukijibu vizuri, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Ukikosea, linashuka. Huruhusiwi kurudi nyuma kurekebisha. Inakupima hivyo hivyo mpaka iwe na hakika ya asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au uko chini yake, halafu inafunga. Tangu Aprili 2023 maswali ni kati ya 85 na 150, kwa muda usiozidi saa tano. Aliyekaa kiti cha jirani yako anajibu mengine kabisa. Huyo mtu anayeuza majibu anauza majibu ya swali gani?

Naomba pia mjue yaliyowapata wenyeji wenyewe, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipofunguka macho. New Brunswick ni mkoa wa Kanada wenye lugha mbili rasmi, Kiingereza na Kifaransa, kwa sheria tangu 1969. Wanaosoma uuguzi kwa Kifaransa wanasomea Chuo Kikuu cha Moncton. Mwaka 2014, kwa mtihani wa zamani, walifaulu asilimia 93. Mwaka 2015, kwa NCLEX, wakafaulu asilimia 32. Walimu wale wale, hospitali zile zile za staji (mafunzo ya kazini), vijana waliozaliwa na kukulia pale. Nchi nzima mwaka ule, waliofaulu kwa jaribio la kwanza walikuwa asilimia 69.7. Nilipozisoma hizo namba mara ya kwanza nilidhani nimekosea mstari.

Kilichowaangusha walikieleza wenyewe. Vitabu na maswali ya kujizoeza yalikuwa tele kwa Kiingereza, kwa Kifaransa hakuna cha maana. Tafsiri ya maswali nayo waliilalamikia. Kamishna wa lugha rasmi wa mkoa alichunguza, na ripoti yake ya 2018 iliwapa haki hao wanafunzi.

Mtoto wa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alipitia moto huo. Alimaliza uuguzi kwa Kifaransa mwaka 2016, chuo chake sitakitaja. Siku ya mtihani alinipigia simu saa tano ya usiku wetu, kwao bado jua liko juu. Hakulia mara moja. Alisema, "Mama mdogo, kompyuta imenizimia kwenye swali la 75, sijui imeniona nimeweza au imenichoka." Wakati ule 75 ndiyo ilikuwa idadi ya chini, na juu ilifika 265. Mtu alikuwa anatoka mle ndani hajui kama amepita au ameanguka. Yeye alianguka.

Kanuni inamtaka mtu asubiri siku 45 kabla ya kurudia. Yeye alijipa miezi minne. Akaweka pembeni yale madaftari ya kukariri, akaanza kujibu maswali tu, hamsini kwa siku, na kila aliloshindwa analiandika kwenye daftari la mistari. Nina picha za kurasa zake kwenye simu mpaka leo. Upande wa kushoto swali kwa kifupi. Upande wa kulia, kwa kalamu nyekundu, hakuandika jibu sahihi. Aliandika kitu kilichomvuta kwenye jibu baya: "nilimhurumia", "nilikimbilia kumwita dokta", "sikusoma neno kwanza". Ukurasa mmoja una "sikusoma neno kwanza" mara sita. Mara ya pili akapita.

Kutokana na kurasa zile nilianzisha kikundi hapa nyumbani, kila Alhamisi. Tuko tisa. Nawawekea swali moja nililolitunga mwenyewe kwa mtindo wa NCLEX. Msitafute kwenye simu, jibuni kwa vichwa vyenu:

Umeingia zamu. Una wagonjwa wanne. Unaanza na nani?
1. Mwenye kisukari, sukari 180 mg/dl, anangoja insulini yake kabla ya kula.
2. Mama aliyejifungua kwa upasuaji juzi, analia maumivu, anaomba dawa.
3. Mwanaume aliyetolewa goita jana, ametulia, anasema tu kwamba midomo na ncha za vidole vinamfanya ganzi.
4. Mzee mwenye nimonia, joto 38.4, ameanza antibiotiki tangu jana.

MwanaKamalondo aliandika:

Aksanti sana yaya. Mimi nachukua namba 2. Maumivu hayangoji, na mama wa upasuaji akilia hivyo kunaweza kuwa na kitu tumboni.

StajiRuashi aliandika:

Namba 1, yaya. Sukari 180 na bado hajapewa insulini? Tulifundishwa kisukari hakichezewi. Niko mwaka wa tatu, kama nimekosea nisaidieni.

DadaWaKadutu aliandika:

Salamu kutoka Bukavu, ndugu zangu. Namba 3. Goita, ganzi mdomoni, haraka sana.

KijanaWaKenya aliandika:

Mimi wa Kenya, komine yetu hapa hapa Lubumbashi, sijibu swali. Nasema ukweli: mtihani huu umewekwa ili sisi Waafrika tusipite. Wanataka wauguzi, halafu wanatuwekea ukuta. Na maswali yao ni ya Marekani, sisi Marekani tunaijulia wapi?

MuuguziKatuba aliandika:

Dada wa Kadutu umepata. Ni namba 3, na nitaeleza polepole kwa sababu humu ndimo ulimo mtihani wote.

Anayetolewa goita anaweza kuguswa vile vitezi vidogo vinavyokaa nyuma ya hiyo goita, vinavyosimamia kalsiamu ya damu. Kalsiamu ikishuka, dalili ya mapema ni hiyo hiyo ganzi kuzunguka midomo na kwenye vidole. Baadaye misuli inakaza, na koo la sauti likikaza, mgonjwa hapumui. Unamgonga kidogo shavuni mbele ya sikio uone kama uso unaruka, ile dalili ya Chvostek tuliyoikariri wote. Unamfunga kifaa cha presha mkononi uone kama kiganja kinajikunja. Unahakikisha gluconate ya kalsiamu iko karibu, na hapo hapo unamwita dokta ukiwa na jambo la kumwambia.

Ndugu yangu wa Kamalondo, hukujibu vibaya kwa sababu hujui. Wote humu tunaijua Chvostek. Ulimfuata anayelia. Na nitakuambia tumetoa wapi tabia hiyo, kwa sababu hata mimi ninayo. Kwenye sale zetu mgonjwa ana gadimaladi wake, ndugu anayemwuguza. Mama akilia, dada yake anatoka mbio kwenye korido, "Muganga, kuja!" Unakwenda. Aliyetulia kitandani na ganzi yake, gadimaladi wake amekwenda kupika bugali uani, hakuna wa kukuita. Miaka yote tunaendeshwa na sauti. NCLEX inakuwekea wagonjwa wanne kwenye kioo, wote kimya, na hakuna wa kukuvuta koti. Lazima utafute mwenyewe nani yuko karibu na kifo: njia ya hewa kwanza, kupumua, kisha damu kuzunguka. Maumivu ya mama ni ya kweli, anafuata wa pili.

StajiRuashi mdogo wangu, 180 kwa mwenye kisukari anayengoja chakula ni ya kutibiwa, lakini haimuui saa hii. Na hapo kuna mtego mwingine. Hospitali za Kanada zinapima sukari kwa mmol/l. Hiyo 180 yetu kwao ni 10, unagawa kwa 18. Siku ukisoma "sukari 10" kwa macho ya hapa utaruka kitandani ukidhani mtu anakufa. Na ukisoma "sukari 3" ujue ni 54 kwetu, hapo ndipo pa kuruka. Vitabu vya Marekani vinatumia mg/dl kama sisi, kwa hiyo upande huo tuna nafuu kuliko Wakanada, lakini joto wanaandika kwa Fahrenheit: 101 ni 38.3. Dawa nazo: paracetamol yetu wao wanaiita asetaminofeni, adrenalini ni epinefrini, salbutamol kwenye vitabu vya Marekani ni albuterol. Weka daftari la majina pembeni, usipoteze swali kwa sababu ya jina la dawa unayoichoma kila siku.

Kijana wa Kenya, uchungu wako nauelewa, kaka, na sikukatazi kuusema. Lakini rudi kwenye zile namba za Moncton. Wale walioanguka ni Wakanada, wengi wao weupe, mababu zao wako pale miaka mia nne. Ukuta haukuchagua rangi yao. Ulichagua lugha yao, na ukawakuta hawajazoea namna ya kuulizwa. Na Quebec, walipokuwa bado na mtihani wao wenyewe, Septemba 2022 walifaulu asilimia 45.4 tu, mpaka kamishna anayesimamia watu kuingia kwenye taaluma akauchunguza mtihani wenyewe. Ukiamini ukuta umejengwa kwa ajili yako, utakata tamaa au utamfuata komisyonere akupitishe chini. Ukijua umejengwa na nini, unaweza kuupanda.

MwanaKamalondo aliandika:

Yaya, hilo la gadimaladi limenichoma. Wiki jana nimeitwa mara nne kwa mgonjwa mmoja ambaye seramu (dripu) yake imekwisha tu, na kitanda cha mwisho kulikuwa na mtoto amekaa kimya. Nilimfikia ameshaanza kubadilika rangi. Amepona, Mungu asifiwe. Naanza leo kupita vitanda vyote kabla sijajibu yeyote.

DadaWaKadutu aliandika:

Niongeze kidogo. Mimi nilijaribu kujizoeza kwa Kifaransa peke yangu, nikagundua nasoma swali mara tatu. Kwanza nalisoma kwa Kifaransa. Kisha nalitafsiri kwa Kiswahili kichwani ili nimwone mgonjwa. Halafu narudi kwenye Kifaransa kuchagua jibu. Muda unaisha. Kilichonisaidia ni kulisoma kwa sauti, na kupiga mstari chini ya neno linaloamuru: en premier (kwanza), prioritaire (cha kutangulizwa), sauf (isipokuwa), à éviter (cha kuepuka). Hayo maneno manne yaliniangusha kuliko magonjwa yote.

MuuguziKatuba aliandika:

Mungu akubariki dada. Hilo la kulisoma mara tatu tutalijadili Alhamisi, kwa sababu wote tunalifanya na hakuna aliyekuwa amelitaja. Kifaransa tumekikuta shuleni. Mgonjwa tunamwona kwa Kiswahili. Haitoki kwa siku moja.

A2_Kampemba aliandika:

Yaya, mimi ni A2, nilisoma ITM, shule ya ufundi wa tiba. Komisyonere ameniambia A2 au A1 ni sawa, Kanada hawaangalii. Ni kweli?

MuuguziKatuba aliandika:

Mdogo wangu, si kweli, na aliyekuambia hivyo muogope. Hiyo RN ya kwenye jina la mtihani ni muuguzi aliyesoma chuo cha juu. ITM ni kiwango cha sekondari. Usilipe hata franga moja kwa ahadi hiyo. Kama una nguvu, ingia ISTM, chuo cha juu cha tiba, kwanza upate diploma ya juu, hiyo itakufaa hata ukibaki hapa.

Na hata mwenye A1 au L2 haanzi na mtihani. Kwa Quebec karatasi zinakwenda kwanza OIIQ, chama chao cha wauguzi. Wanakagua masomo yako, halafu wengi wanaamriwa kufanya staji ya kuzoea hospitalini au masomo ya nyongeza kwenye cégep, vyuo vyao vya kati. Mtihani unakuja baadaye, na ada yake kule Kanada ni dola 360 za Kanada, unalipa mwenyewe kwa wenye mtihani. Mwaka 2022 serikali ya Quebec ilitangaza mpango wa dola milioni 65 wa kuleta wauguzi 1,000 kutoka nje, na wale waliopelekwa cégep walipewa dola 500 kwa wiki wakisoma. Ona hapo: serikali ndiyo iliyomlipa mwanafunzi. Sasa dola 3,000 za komisyonere wa mjini zinalipa nini?

Jambo moja la kufanya mapema ni releve zenu, karatasi za alama za masomo. Nilipoomba zangu, mahali nilipoomba walinizungusha miezi mitano, leo faili halionekani, kesho mwenye muhuri amesafiri. Ombeni mkiwa bado mna walimu wanaowakumbuka majina, na hakikisheni jina kwenye releve, diploma na pasipoti ni moja, herufi kwa herufi. Nimemwona mtu akirudishiwa karatasi kwa sababu ya herufi moja ya jina la ukoo.

MzeeWaSale aliandika:

Nimewasoma wote. Mimi nina miaka 31 kazini, nimewachoma sindano wazazi wa baadhi yenu. Mama MuuguziKatuba, unafanya kazi nzuri, lakini nakuuliza mbele ya vijana: ukishawafundisha hao tisa wakaondoka wote, kwenye kitanda cha mwisho kule atabaki nani?

MuuguziKatuba aliandika:

Shikamoo mzee. Swali lako silikwepi, hata usiku nalala nalo.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa orodha ya nchi 55 ambazo upungufu wao wa wahudumu wa afya ni mkubwa, zisifuatwe na serikali nyingine kuchukuliwa watu. Kongo yetu imo. Orodha hiyo haimzuii mtu kuomba mwenyewe, lakini inasema wazi hali yetu ikoje. Mimi nilikuwa na nafasi ya kwenda, yaya wangu alinilipia hata pasipoti. Nilibaki. Sijawahi kusema kwamba aliyekwenda ameasi.

Kijana wa bahasha amemaliza L2 na anafanya kazi kwa pesa ya usafiri. Kuna wenzetu sale kwangu hawana matricule, namba ya mtumishi wa serikali, miaka sita wanaishi kwa kugawana mapato ya hospitali, na mwezi wagonjwa wakikosa pesa nao wanakosa. Siwezi kumwambia mtu huyo abaki kwa ajili ya kitanda cha mwisho huku mimi mwenyewe najua hajala. Ninachoweza ni kumfundisha kukiona kitanda hicho. MwanaKamalondo haendi Kanada, na wiki hii anapita vitanda vyote kwanza. Mzee, kama una jioni moja, karibu Alhamisi. Umeona goita nyingi kuliko sisi wote.

MzeeWaSale aliandika:

Marahaba binti yangu. Hukunijibu lote, lakini umenijibu bila kunidanganya. Nitakuja. Niambie tu saa.

KijanaWaKenya aliandika:

Nimerudi kulijibu swali, yaya. Ningechagua 2. Naweza kuja na mimi? Sina vitabu.

MuuguziKatuba aliandika:

Kuja, kaka. Vitabu tunavyo viwili, tunavigawana.

Kwa walioniuliza kwa ujumbe wa siri: kijana wa bahasha amerudi jana. Baba yake alikuja naye, akaketi kwenye kiti cha mlangoni, akataka nimweleze mwenyewe yale ya kompyuta inayochagua maswali. Nilimweleza mara mbili. Akauliza, "Kwa hiyo huyo mtu hana karatasi ya maswali?" Nikamwambia hana. Akachukua bahasha, akaiweka ndani ya shati lake, akafunga vifungo.

Alhamisi saa kumi na moja jioni, Katuba, mnaojua nyumba waonyesheni wengine. Maswali 20 ya kuchagua wa kwanza. Kila mtu aje na daftari la mistari, kalamu ya bluu na nyekundu, na tochi, umeme wiki hii unakatika saa moja.